Namna ya Kuandaa Kozi ya Mtandaoni ya Kupanga Muda kwa Wanaofanyia Kazi Nyumbani

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Kenya, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani. Wengi walirudi ofisini baadaye, lakini meza ya chakula iliyogeuzwa kuwa meza ya kazi haijaondoka Nairobi. Roysambu, Umoja, Kilimani, na hata nje ya mpaka wa kaunti kule Rongai, wako wanukuzi (wanaosikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika), wafasiri, wahasibu, waandishi wa programu na wahudumu wa wateja ambao wanamjua mwajiri wao kwa sauti na kwa picha ya kwenye kioo tu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwaandalia watu hao kozi ya mtandaoni ya kupanga muda, awe mwalimu, msimamizi, au mfanyakazi mzoefu anayetaka kuwafunza wenzake.

Nimeandaa kozi ya namna hii mara mbili. Ya kwanza niliianza kwa masomo matatu kuhusu thamani ya muda, na washiriki wengi hawakufika somo la nne. Mmoja wao, mnukuzi anayefanya kazi usiku na mwenye mtoto mchanga, aliniandikia hivi: "Mwalimu, kwamba muda ni mali nalijua. Nifundishe nifanye nini mtoto anapoamka saa tisa na mteja ananitaka saa tisa na nusu." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi, na kozi ya pili niliijenga juu yake. Nilikuja kutambua kwamba saa nyingi za anayefanyia kazi nyumbani hupotelea penye makubaliano ambayo hayajawahi kufanywa: makubaliano na mteja kuhusu wakati anapopatikana, makubaliano na watu wa nyumbani kuhusu maana ya kuwa kazini, na makubaliano na nafsi yake kuhusu muda ambao kazi fulani huchukua kwa kweli. Kozi inayofaa humtoa mshiriki akiwa na makubaliano hayo matatu yameandikwa, na kila somo lisilomsogeza kuelekea huko liondolewe bila huruma, hata kama ni somo ulilolipenda.

Sikiliza kabla ya kuandika

Kabla hujaandika hata kichwa cha somo la kwanza, zungumza na watu watano hadi wanane wa kundi unalolikusudia. Waulize kuhusu jana, kwa sababu ukiwauliza kuhusu siku ya kawaida watakueleza siku wanayoitamani. "Jana ulifungua kompyuta saa ngapi? Nani alikukatiza wa kwanza? Ulikula saa ngapi, na ulikula ukiwa wapi?" Maswali madogo ya aina hiyo huleta majibu ambayo maswali makubwa hayaleti.

Utagundua upesi kwamba wanaofanyia kazi nyumbani si kundi moja. Yuko mhudumu wa wateja mwenye zamu maalumu, ambaye hawezi kuondoka kwenye simu hata kwa dakika tano. Yuko mnukuzi au mfasiri anayelipwa kwa kipande cha kazi, ambaye ana uhuru wote wa saa na kwa sababu hiyo hiyo hana saa ya kupumzika. Yuko mwajiriwa wa mshahara ambaye mikutano ya mtandaoni humkatakata siku yake vipande vipande. Chagua kundi moja. Ushauri wangu ni kuanza na wanaolipwa kwa kipande, maana wao ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kubadilisha jambo wiki hii hii bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ukishachagua, andika mwisho wa kozi kwanza. Eleza kwa ukurasa mmoja vitu ambavyo mshiriki atakuwa navyo mkononi siku ya mwisho, kisha urudi nyuma ukijiuliza anahitaji kujua nini ili avitengeneze. Kozi ya wiki nne yenye masomo mawili kwa wiki inatosha kabisa. Mtu anayekuja kujifunza kuokoa muda hapaswi kudaiwa zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki, mazoezi yakiwa ndani yake.

Somo la saa lisirukwe

Kozi nyingi za kigeni huliruka somo hili kwa kuwa wanaoziandaa hawalihitaji. Sisi tunalihitaji mno. Kwanza, saa yetu huanza kuhesabiwa kunapokucha, ilhali kalenda ya kwenye kompyuta huhesabu kutoka usiku wa manane. Mkutano ulioandikwa 20:00 ni wa saa mbili usiku, na mtu aliyechoka akiona 2:00 huweza kabisa kuisoma kama saa mbili. Pili, maneno "saa mbili" yanaweza kuwa wakati au kipimo. Katika mazungumzo watu hujitoa kwenye utata huo kwa kusema "masaa mawili", umbo ambalo walimu wa Kiswahili sanifu hulikosoa. Katika maandishi ya kozi, andika "kwa muda wa saa mbili" unapotaja kipimo, na "saa mbili asubuhi" au "saa mbili usiku" unapotaja wakati, wala usimwachie msomaji abahatishe. Kwenye kila ratiba andika saa zote mbili, ile ya Kiswahili na ile ya kalenda.

Tatu, na hapa ndipo pesa hupotea, wateja wengi wako nchi zinazobadilisha saa. Kenya haibadilishi; Nairobi iko mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa 3 mwaka mzima. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo saa 9:00 asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu mwezi Januari, lakini mwezi Julai ni saa kumi jioni. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, ili saa 9:00 asubuhi ya London iwe saa sita mchana kwetu Januari na saa tano asubuhi Julai. Mtu mwenye mteja mmoja New York na mwingine London ana majuma mawili au matatu ya Machi ambapo mmoja amekwisha kubadilisha saa na mwingine bado, na mikutano miwili iliyokuwa imepangwa vizuri hugongana.

Zoezi la somo hili ni ujumbe kumi za wateja, ambazo mshiriki anazigeuza kuwa saa za Nairobi kwa tarehe mbili tofauti. Uwemo ule ujumbe unaosema kazi iwe imefika "Alhamisi jioni, kabla ya kufunga ofisi". Ikiwa ofisi ya New York hufungwa saa 17:00, basi makataa hayo mwezi Julai ni saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa, na mwezi Januari ni saa saba usiku huo. Mshiriki akikosea hapa anajifunza bila hasara. Akikosea mbele ya mteja anapoteza kazi.

Daftari la siku tatu

Katika wiki ya kwanza mshiriki hatakiwi kubadilisha chochote. Kazi yake ni kuandika kila nusu saa anachokifanya na kilichomkatiza, kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mwisho wa juma. Zamani nilikuwa nikiomba siku saba. Siku ya nne watu huanza kutunga. Mruhusu aandike kwenye daftari la karatasi na kupiga picha ukurasa, au ajirekodi sauti, kwa sababu jedwali la kompyuta linalohitaji kufunguliwa kila nusu saa ni usumbufu mwingine tu.

Nitatoa mfano wa ukurasa mmoja nilioletewa, kwa ruhusa ya mwenyewe, jina na mtaa nikiviweka kando. Saa mbili na nusu usiku: nimefungua faili la dakika 48. Saa tatu kasorobo: jirani amekuja kuomba chaja. Saa tatu: narudia dakika sita za mwanzo, nimesahau sauti ipi ni ya nani. Saa tatu na dakika ishirini: tokeni ya umeme imekwisha, nimenunua, sasa nasubiri intaneti irudi. Saa nne kasoro dakika kumi: kikundi cha WhatsApp cha mchango wa harusi. Saa nne na nusu: nimefika dakika ya 11.

Mwandishi wa ukurasa huo alikuwa na yakini kwamba tatizo lake ni uvivu. Tuliposoma pamoja, alionyesha kwa kidole mstari wa saa tatu. Jirani alikaa mlangoni kwa dakika tatu hivi, lakini kurudia dakika sita za sauti kulimla karibu nusu saa, na hakuna mahali popote ambapo alikuwa ameuhesabu muda huo. Somo la wiki ya pili liandaliwe likizunguka mistari ya aina hiyo: mshiriki aweke alama kwenye kila mahali alipolazimika kurudi nyuma, kisha atafute kilichotangulia. Usimpe orodha ya wezi wa muda uliyoiandaa wewe. Wezi wake wako kwenye daftari lake, na akiwatambua mwenyewe hahitaji kushawishiwa.

Makadirio

Mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi chini ya ule itakaochukua, hata pale anapojua kwamba kazi kama hiyo ilimchelewesha zamani. Dawa yake ni ya hesabu. Mshiriki achague kazi tano, aandike makadirio yake kabla hajagusa kitu, kisha aandike muda halisi. Tuseme makadirio ya kazi zote tano yalikuwa dakika 600, na muda halisi ukawa dakika 930. Gawanya 930 kwa 600 upate 1.55. Tangu siku hiyo, kichwa chake kikimwambia kazi itachukua muda wa saa tatu, yaani dakika 180, atazidisha kwa 1.55 apate dakika 279, na atamwahidi mteja muda wa karibu saa tano. Wanukuzi wana kipimo chao cha kazini kinachosaidia kuhakiki: sauti safi ya muda wa saa moja humchukua mzoefu takriban saa nne kuinukuu, na mgeni wa kazi zaidi ya hapo.

Nimeona watu wakifadhaika wanapoiona namba yao mara ya kwanza, kana kwamba wamepewa matokeo mabaya ya mtihani. Mwezeshaji awaeleze mapema kwamba namba hiyo ni kama kipimo cha kiatu. Haimsifu mtu wala haimlaumu.

Makubaliano ya nyumbani na ya mteja

Hili ndilo somo gumu zaidi, na ningekusihi ulipe nafasi kubwa kuliko yote. Katika nyumba nyingi za Nairobi, mtu aliyeketi mbele ya kompyuta huhesabiwa kuwa yuko, na aliye nyumbani hutumwa. Kumwambia mzazi au mkwe "usinisumbue" ni utovu wa adabu, na kozi inayomfundisha mshiriki kusema hivyo imemharibia nyumba yake. Mfundishe aseme saa atakayopatikana kabla hajataja saa asizopatikana. Mfano ninaoutumia ni huu: "Mama, saa tano na robo nitatoka tunywe chai na unieleze habari za nyumbani. Kabla ya hapo, kuanzia saa mbili, niko kazini kama nilivyokuwa nikitoka kwenda mjini. Kukiwa na mgonjwa au moto, niite." Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Watu wa nyumbani wakijua ni jambo gani linaruhusiwa kukatiza, hujizuia kwa mengine.

Mshiriki aandike maneno yake mwenyewe, ayarekodi, ayatume kwenye kundi dogo la watu watatu, na wenzake wamwambie kama mama zao wangeyapokea. Kisha akayaseme nyumbani kweli na alete taarifa. Kama kuna dada anayesaidia kazi za nyumbani, makubaliano yahesabu pia saa zake za kupumzika, kwa kuwa ratiba inayosimama juu ya uchovu wa mtu mwingine haidumu. Anayeishi chumba kimoja na hana mlango wa kufunga anahitaji ishara. Mshiriki mmoja alikuwa akitandaza leso nyekundu kwenye mgongo wa kiti, na mtoto wake wa miaka minne aliielewa leso hiyo ndani ya wiki moja.

Makubaliano na mteja huandikwa kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwa lugha ya mteja. Yawe na mambo matatu tu: saa anazopatikana, zikitajwa kwa saa ya mteja na ya Nairobi, muda wa juu wa kujibu ujumbe, na atakachokifanya umeme ukikatika. Jambo hilo la tatu washiriki huliona aibu. Waambie kwamba usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na kwamba mteja aliyeambiwa mapema "nisipoonekana kwa muda wa saa moja nitakutumia ujumbe kwa simu" ana kitu cha kushika, ilhali asiyeambiwa anabaki kuwaza mabaya.

Utaulizwa kuhusu mbinu ya Pomodoro, ile ya Francesco Cirillo ya miaka ya mwisho ya 1980 ya kufanya kazi kwa dakika 25 na kupumzika kidogo. Ipe dakika chache katika wiki ya tatu. Inamfaa mfasiri na mwandishi. Haimfai mhudumu wa simu, na haimfai mtu ambaye bado hajakubaliana na nyumba yake, kwani dakika 25 zitakatizwa vile vile.

Video, bando na umeme

Mwaka 2014, watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa mamilioni ya utazamaji wa video za masomo za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba watazamaji hawavuki sana dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Kwa mwendo wangu wa kuzungumza, dakika sita ni maneno 700 hivi, na hotuba isiyoingia humo huwa inafaa kugawanywa.

Kisha fanya hesabu ya bando, kwa maana mshiriki ataifanya. Video ya dakika sita iliyobanwa kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 67 na nusu. Ukiibana hadi kilobiti 500 inashuka kuwa megabaiti 22 na nusu, na kwa somo ambalo picha yake ni sura yako na maandishi machache, hakuna anachokikosa. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni chini ya megabaiti 3. Toa kila somo kwa namna tatu, yaani video nyepesi, sauti, na maandishi ya ukurasa mmoja, na umwachie mshiriki achague. Washiriki wangu wengi huchagua sauti, kwa kuwa wanaweza kuisikiliza wakiosha vyombo. Rekodi alfajiri, kabla ya honi za matatu, ukiwa umetundika blanketi nyuma ya maikrofoni.

Kuhusu jukwaa, Moodle, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ni huria na haina ada ya leseni, na programu yake ya simu humruhusu mtu kupakua somo na kulisoma bila intaneti. Kozi ndogo ya watu 20 inaweza kuendeshwa kwenye kundi la WhatsApp bila jukwaa lolote, na kwa mara ya kwanza ningefanya hivyo. Ada ilipwe kwa M-Pesa, nusu mwanzoni na nusu baada ya wiki ya pili. Usiweke tarehe za kuwasilisha mazoezi zisizosogea hata kidogo. Mpe kila mshiriki siku mbili za akiba kwa kozi nzima, azitumie bila kutoa sababu. Kwa njia hiyo utakuwa umewaonyesha kwa vitendo namna ya kuacha nafasi kwenye ratiba.

Kumbuka pia kwamba daftari la saa linafichua mengi: nani analala wapi, mtoto anaumwa, mteja ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na sababu halali ya kukusanya habari hizo na uzitumie kwa sababu hiyo tu. Omba idhini kwa maandishi, mwambie mshiriki utafuta lini kurasa zake, na tarehe hiyo ikifika uzifute.

Kupima na kurudia

Usitoe mtihani wa kuchagua majibu. Wiki mbili baada ya somo la mwisho, mwombe kila mshiriki aandike tena daftari la siku tatu, kisha uliweke kando ya lile la kwanza. Angalia mambo mawili: idadi ya mara alizolazimika kurudi nyuma, na saa aliyofunga kompyuta. Cheti kitolewe kwa aliyeleta daftari la pili pamoja na makubaliano yake matatu, liwe limeonyesha mabadiliko au la, kwa kuwa daftari la pili lisilo na mabadiliko ndilo litakalokuonyesha somo lililoshindwa.

Yule mnukuzi wa saa tisa alirudi kwenye kozi ya pili, na daftari lake la mwisho lilikuwa na mstari mmoja wa kukatizwa kwa usiku mzima. Mteja wake alikubali mkutano usogezwe hadi saa kumi na nusu, na shangazi yake wa ghorofa ya chini alikubali kumshika mtoto kwa muda huo siku za Jumatatu na Alhamisi. Kundi linalofuata nimelipanga lianze katikati ya Aprili, ili mabadiliko ya saa ya Marekani na ya Ulaya yawe yamekwisha pita kabla ya somo la pili.